"Nimeona kwa Macho Yangu": Jinsi Akili Inavyotambua, Inavyokumbuka na Inavyoamua

Zipo kauli tatu ambazo mtu akizitamka, mabishano huwa yamekwisha. Ya kwanza ni "nimeona kwa macho yangu mwenyewe". Ya pili ni "nakumbuka kama jana". Ya tatu, ambayo hupatikana hata katika wosia na mikataba, ni "nimeamua nikiwa na akili zangu timamu". Anayezisikia hubakiwa na njia mbili tu: kukubali, au kumwita mwenzake mwongo. Ndiyo maana mashahidi wawili wa ajali moja wanapotoa maelezo yanayopingana, au watu wawili wanapotazama video ileile na kila mmoja akaapa kuwa ameona tofauti na mwenzake, mjadala unaofuata mitandaoni huwa ni wa kumsaka anayedanganya.

Watu hudanganya, hilo halina ubishi. Lakini watu wawili wakweli kabisa wanaweza kufika mahali pawili tofauti bila yeyote kati yao kuwa na nia mbaya, na kinachowafikisha huko ni kazi ya kawaida ya ubongo wenye afya. Kosa letu ni kuamini kwamba macho ni kamera, kwamba kumbukumbu ni kabati la picha zilizopigwa na kamera hiyo, na kwamba uamuzi hutolewa na hakimu anayekaa pembeni akizipitia picha hizo kwa utulivu. Picha hiyo ya akili imekosewa katika sehemu zake zote tatu, na madhara ya kosa hilo si madogo: kuna watu wamefungwa jela kwa sababu yake.

Maneno na maana zake

Tuanze na maneno yenyewe, kwa kuwa mkanganyiko mwingi huanzia hapo. Ubongo ni kiungo cha mwili kama moyo au ini. Kwa mtu mzima una uzito wa karibu kilo 1.4, na seli zake za neva zinakadiriwa kufikia bilioni 86. Akili ni kazi inayofanywa na kiungo hicho. Uhusiano wa viwili hivi ni kama ule wa mguu na mwendo: huwezi kuupasua mguu ukaukuta mwendo umehifadhiwa ndani yake, ila pasipo mguu mwendo haupo. Hisi ni taarifa ghafi zinazoingia kupitia milango ya fahamu, yaani macho, masikio, pua, ulimi na ngozi. Utambuzi ni maana ambayo ubongo huzipa taarifa hizo. Mwanga unaogonga jicho ni hisi, lakini kujua kwamba kile ni kiti, na kwamba kiko karibu kiasi cha kukigusa, ni utambuzi. Kumbukumbu ni uwezo wa yaliyopita kuendelea kuongoza tunayoyafanya sasa, na uamuzi ni kuchagua njia moja kati ya zile zinazowezekana.

Tumezoea kuyataja mambo haya kana kwamba ni vyumba vilivyotenganishwa kwa kuta. Katika ubongo hakuna kuta hizo. Unachotambua hutegemea unachokumbuka, unachokumbuka hutegemea ulichokizingatia, na unachoamua hutegemea vyote hivyo.

Tundu ambalo hulioni

Macho hayana pazia, walisema wahenga, na kwa jinsi tunavyojihisi ni kweli: kilicho mbele yetu tunakiona, tutake tusitake. Jicho lenyewe, hata hivyo, limeumbwa vingine. Nyosha mkono mbele yako na utazame ukucha wa kidole gumba. Eneo ambalo jicho linaona kwa ukali wa kutosha kusoma maandishi madogo halizidi sana upana wa ukucha huo. Kadiri unavyotoka katikati, picha inafifia na rangi zinapungua nguvu. Mbona basi chumba kizima kinaonekana safi? Kwa sababu macho huruka kutoka sehemu moja hadi nyingine mara tatu hivi kila sekunde, yakiokota vipande, na ubongo huviunga vipande hivyo kuwa mandhari moja isiyo na mshono.

Zaidi ya hayo, kila jicho lina tundu. Katika karne ya 17 mwanasayansi Mfaransa Edme Mariotte aligundua kwamba mahali ambapo neva hutokea nyuma ya jicho kuelekea kwenye ubongo, picha inayoangukia hapo haionekani kabisa; leo tunajua kwamba pale hapana seli za kupokea mwanga. Jambo hili unaweza kulithibitisha sasa hivi. Chora msalaba mdogo kwenye karatasi nyeupe, kisha, umbali wa sentimita 8 kulia kwake, chora doa jeusi la ukubwa wa tembe ya dawa. Funga jicho la kushoto, tuliza jicho la kulia kwenye msalaba bila kuliondoa, halafu isogeze karatasi polepole kutoka urefu wa mkono kuja usoni. Karibu na sentimita 30, doa litatoweka. Ajabu haiko katika kutoweka kwake, bali katika kile unachokiona mahali pake. Huoni shimo wala ukungu. Unaona karatasi nyeupe. Hakuna taarifa yoyote iliyopokewa kutoka pale. Ubongo umetazama kilicho kandokando ya pengo, ukakisia kwamba katikati nako ni karatasi, ukalijaza, na haukukuambia kwamba umejaza.

Namwomba msomaji akae na jambo hilo kwa muda, maana karibu yote yanayofuata yamo ndani yake: pengo, kisio, ujazaji, na ukimya kuhusu ujazaji.

Masikio nayo hayajasalimika. Mwaka 1970 mwanasaikolojia Richard Warren alirekodi sentensi, akaikata sauti moja ndani ya neno na kuweka kikohozi mahali pake. Karibu wasikilizaji wote walilisikia neno likiwa zima, na hawakuweza kuonyesha kikohozi kilitokea wapi hasa katika sentensi. Walichokisikia hakikuwamo katika sauti iliyowafikia. Kilitoka katika ujuzi wao wa lugha.

Ni kwa sababu hii Februari 2015 dunia iligawanyika juu ya picha ya gauni moja, ambalo wengine waliliona la buluu na jeusi na wengine wakaapa kuwa ni jeupe na la dhahabu. Gauni lenyewe lilikuwa la buluu na jeusi. Ubongo haupokei rangi ya kitu moja kwa moja. Hupokea mwanga uliochanganyika na rangi ya taa au ya jua lililokimulika, kisha hulazimika kukisia taa hiyo ilikuwa ya namna gani na kuiondoa katika hesabu. Picha ile ilikuwa na utata kuhusu mwanga wake. Waliokisia kwamba gauni lilikuwa kivulini, penye mwanga wa kibuluu, waliiondoa buluu wakabaki na weupe. Waliokisia mwanga wa taa ya kimanjano waliondoa umanjano wakabaki na buluu. Makisio hayo hayapiti katika fikra zetu za wazi, na ndiyo maana ubishi ule haukuweza kumalizwa kwa kuambiana "tazama vizuri".

Kuona bila kuona

Ubongo pia huchagua. Mwaka 1999 Daniel Simons na Christopher Chabris waliwaonyesha watu filamu fupi ya timu mbili zikipasiana mpira, wakawaagiza wahesabu pasi za timu iliyovaa nyeupe. Katikati ya filamu, mtu aliyevaa vazi la gorila aliingia, akasimama kati ya wachezaji, akajipigapiga kifua, akatoka. Karibu nusu ya watazamaji hawakumwona. Wengi wanaosimuliwa jaribio hili husema kwamba watu hao hawakuwa makini. Ni kinyume: waliagizwa kuhesabu, wakahesabu, na umakini wenyewe ndio uliowafunga wasione kingine.

Mwaka 2013 watafiti waliwapelekea jambo hilo wataalamu wa kusoma picha za mapafu, watu ambao riziki yao ni kuona. Waliombwa watafute vivimbe, na katika mojawapo ya picha hizo liliwekwa umbo dogo la gorila lenye ukubwa mara 48 ya kivimbe cha kawaida. Wataalamu 20 kati ya 24 hawakuliona. Chombo kilichofuatilia mwendo wa macho kilionyesha kwamba wengi wao walilitazama moja kwa moja. Mwanga uliingia, jicho lilifanya kazi yake, lakini hakuna kilichotambuliwa. Kwa hiyo dereva anayesema "nilitazama, sikumwona mwendesha pikipiki" huenda anasema kweli tupu, na bado kosa la barabarani likawa lake.

Kwa nini ubongo ufanye kazi kwa kukisia na kuchagua? Kwa sababu ya gharama na muda. Ubongo ni asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini hutumia takriban asilimia 20 ya nguvu ya mwili uliopumzika. Hapa ndipo pa kuzika dai lililoenea sana kwamba binadamu hutumia asilimia 10 tu ya ubongo wake. Vipimo vya picha vinaonyesha sehemu zote za ubongo zikifanya kazi kwa nyakati mbalimbali za siku, hata usingizini, na kiharusi hata kidogo karibu mahali popote huacha athari. Mwili usingelisha kwa gharama hiyo kiungo ambacho sehemu tisa kati ya kumi zimelala. Dai hilo linanisumbua kuliko mengine, kwa sababu hutumiwa kuwauzia watu kozi na dawa za "kuamsha" kitu ambacho hakijalala. Kuhusu muda, taarifa ya jicho huchukua takriban sehemu ya kumi ya sekunde kabla ya kuwa kitu tunachokifahamu, na mpira uliorushwa usoni hausubiri. Ubongo usiokisia ungekuwa daima unaishi nyuma ya matukio.

Kumbukumbu hujengwa upya

Mwaka 1953, nchini Marekani, kijana wa miaka 27 aliyeitwa Henry Molaison alifanyiwa upasuaji ili kumwondolea kifafa kikali. Daktari alitoa sehemu za ndani za pande mbili za ubongo wake, pamoja na sehemu kubwa ya kile kiitwacho hipokampasi. Kifafa kilipungua. Lakini tangu siku hiyo hadi alipofariki mwaka 2008, Molaison alishindwa kutunza karibu kila tukio jipya la maisha yake. Alizungumza vizuri, akili yake ilikuwa nyepesi, utoto wake aliukumbuka. Ila mtu akitoka chumbani na kurudi baada ya dakika chache, ilibidi ajitambulishe upya.

Mwanasaikolojia Brenda Milner alimpa zoezi moja ambalo lilibadili elimu yote ya kumbukumbu. Alimtaka achore mstari kati ya mistari miwili ya nyota huku akiutazama mkono wake kwenye kioo tu. Ni kazi inayochosha, maana kioo hugeuza mwelekeo na mkono hukataa kutii. Siku ya kwanza Molaison alikosea sana. Siku ya pili alikosea kidogo. Siku ya tatu mkono wake ulikwenda karibu bila kosa, naye mwenyewe hakuwa na habari kwamba aliwahi kuiona nyota ile. Mkono ulikuwa umejifunza. Mwenye mkono hakukumbuka kujifunza. Tangu hapo ikawa wazi kwamba neno "kumbukumbu" limebeba vitu kadhaa tofauti: ipo ya matukio ya maisha, ipo ya maarifa kama majina ya miji, ipo ya ustadi kama kuendesha baiskeli, na ipo ile ya muda mfupi inayoshikilia namba ya simu mpaka uiandike, ambayo uwezo wake ni vitu vichache tu kwa wakati mmoja. Anayesema "sina kumbukumbu nzuri" huwa anasema juu ya mojawapo tu.

Kusahau kwenyewe ni jambo la kawaida. Mjerumani Hermann Ebbinghaus, aliyejipima mwenyewe kwa silabi zisizo na maana na kuchapisha matokeo yake mwaka 1885, alionyesha kwamba sehemu kubwa ya tunachojifunza hupotea katika saa za kwanza, kisha upotevu hupungua kasi. Mwanafunzi anayejiuliza maswali kwa kufunga kitabu hubakiwa na zaidi, baada ya wiki, kuliko anayerudia kusoma ukurasa uleule mara nne, ingawa huyu wa pili ndiye huondoka akijiona ameelewa.

Linalowachanganya watu zaidi kuliko kusahau ni kukumbuka vibaya. Mwaka 1974 Elizabeth Loftus na John Palmer waliwaonyesha watu filamu za magari yakigongana, kisha wakawauliza kasi ya magari hayo. Wengine waliulizwa kasi ilikuwa ngapi magari "yalipobamizana", wengine "yalipogusana". Waliosikia neno la kwanza walikadiria, kwa wastani, karibu kilometa 66 kwa saa. Waliosikia la pili, karibu 51. Kitenzi kimoja kiliongeza kilometa 15. Katika jaribio lao la pili waliwarudia watu baada ya wiki moja na kuwauliza kama waliona vioo vilivyovunjika. Kati ya watu 50 walioulizwa awali kwa neno kali, 16 walisema waliviona. Kati ya 50 walioulizwa kwa neno la kawaida, "yalipogongana", ni 7. Katika filamu hapakuwa na kioo chochote kilichovunjika.

Hapa tunarudi kwenye lile doa la karatasi. Ubongo hautunzi tukio zima. Hutunza vipande, na unapokumbuka huvikusanya na kujaza mapengo kwa kile kinachoelekea kuwa kweli: kwa desturi, kwa swali ulivyoulizwa, kwa alichosimulia jirani, kwa picha uliyoiona baadaye. Kisha toleo jipya hurudishwa ghalani. Majaribio ya mwaka 2000 kwa panya yalionyesha kwamba kumbukumbu iliyoamshwa huwa laini kwa muda, na ni lazima iimarishwe upya la sivyo hudhoofika. Kwa hiyo hadithi unayoisimulia mara kwa mara si lazima iwe imehifadhika zaidi; huenda ndiyo iliyofanyiwa ukarabati mara nyingi zaidi.

Nina mfano wangu mwenyewe. Kwa miaka mingi nilikumbuka nilivyoanguka kutoka mtini nikiwa mtoto: tawi lilivyolia kabla ya kukatika, vumbi mdomoni, mama akija mbio. Siku moja nikaisimulia mbele ya mdogo wangu, naye akanitazama kwa mshangao, kwa sababu aliyeanguka alikuwa yeye. Tulibishana kwa dhati, kila mmoja akiwa na uhakika, mpaka alipopandisha suruali. Kovu liko kwenye goti lake. Magoti yangu yote mawili ni mazima. Hata baada ya kuliona kovu lile, nikifumba macho bado nalisikia tawi likilia chini yangu.

Wapo wanaosema kwamba matukio madogo ya utotoni huweza kuchanganyika, ila matukio makubwa, yenye mshtuko, huchongwa akilini yasifutike. Hiyo ni nusu ya ukweli. Hisia kali huimarisha kiini cha tukio, lakini haziyalindi maelezo yanayokizunguka. Asubuhi iliyofuata baada ya chombo cha anga cha Challenger kulipuka, tarehe 28 Januari 1986, Ulric Neisser na Nicole Harsch waliwataka wanafunzi waandike mahali walipokuwa na jinsi walivyopata habari. Miaka miwili na nusu baadaye waliwauliza tena wanafunzi 44 kati yao. Robo walikosea kila jambo muhimu walilopimwa, na wengi walikuwa na uhakika mkubwa. Walipoonyeshwa karatasi za mwandiko wao wenyewe, baadhi walishikilia kwamba wanachokumbuka sasa ndicho sahihi.

Huenda msomaji akaona kwamba hizi ni hitilafu za mtambo mbovu. Mimi naziona kama bei ya kitu chenye thamani kubwa. Mwaka 2007 ilionyeshwa kwamba wagonjwa walioharibika hipokampasi hushindwa pia kuwazia jambo ambalo bado halijatokea, kama vile kujiona wamesimama ufukweni. Vipande vilevile tunavyojengea jana ndivyo tunavyojengea kesho, na vipande visivyoweza kupangwa upya visingetufaa kupanga safari wala kuepuka hatari.

Mizani ya uamuzi

Kuhusu uamuzi, dhana inayotawala ni kwamba mtu huamua vizuri akiziweka hisia za moyo kando kabisa. Daktari wa neva Antonio Damasio alikutana na watu ambao ugonjwa uliwafikisha karibu na hali hiyo. Walikuwa wameumia sehemu ya mbele ya ubongo, juu ya macho. Vipimo vya akili walifaulu, mema na mabaya waliyajua, lakini mguso wa moyo ulikuwa umefifia. Mmoja wao alipewa tarehe mbili za kurudi kliniki achague moja. Alitoa shajara yake, na kwa karibu nusu saa akaorodhesha sababu za kuchagua hii na za kuiacha: ahadi nyingine alizokuwa nazo, hali ya hewa inayoweza kuwapo, na kila kitu ambacho akili iliweza kukifikiria juu ya tarehe mbili za kawaida. Hatimaye aliambiwa aje siku ya pili. Akajibu kwamba ni sawa, akafunga shajara, akaondoka. Hakukosa hoja hata moja. Alichokosa ni uzito wa kuilaza mizani upande mmoja.

Mtu mwenye afya huikwepa nusu saa hiyo kwa njia za mkato. Herbert Simon, aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 1978, alieleza kwamba binadamu kwa kawaida hatafuti chaguo bora kuliko yote. Hutafuta linalotosha, akilipata husimama. Njia hizi za mkato hutufikisha salama mara nyingi mno, na tusingeweza kuishi siku moja bila hizo. Tatizo ni mahali zinapopotoka, na hapo ndipo Daniel Kahneman na Amos Tversky walipofanya kazi. Katika makala yao ya mwaka 1974 walieleza jaribio la gurudumu la namba lililozungushwa mbele ya watu, likiwa limechezewa lisimame kwenye 10 au 65 tu. Kisha watu hao waliulizwa ni asilimia ngapi ya nchi wanachama wa Umoja wa Mataifa ni za Afrika. Jibu la kati la walioiona 10 lilikuwa 25. La walioiona 65 lilikuwa 45. Kila mtu alijua kwamba gurudumu halijui chochote kuhusu Afrika, na bado namba yake iliwashika kama nanga. Anayetaja namba ya kwanza katika majadiliano ya mshahara anashusha nanga hiyo, akijua au asijue.

Mwaka 1981 wawili hao walionyesha jambo zito zaidi. Ugonjwa unatishia watu 600. Mpango wa kwanza utaokoa 200 kwa hakika. Wa pili una nafasi moja kati ya tatu ya kuwaokoa wote na nafasi mbili kati ya tatu ya kutomwokoa yeyote. Asilimia 72 walichagua ule wa hakika. Kundi jingine lilipewa mipango hiyohiyo kwa maneno mengine: katika wa kwanza watu 400 watakufa, katika wa pili kuna nafasi moja kati ya tatu kwamba hakuna atakayekufa. Safari hii asilimia 78 waliukimbia ule wa hakika. Hesabu haikubadilika hata kidogo; kilichobadilika ni kwamba mara ya kwanza mtu aliona faida, mara ya pili akaona hasara, na hasara hutuuma zaidi. Unaposomewa takwimu ya matibabu au ya ajali, igeuze upande wa pili kabla ya kuamua: "tisa kati ya kumi hupona" na "mmoja kati ya kumi hufa" ni habari moja.

Kurudiwarudiwa nako ni njia ya mkato. Tangu mwaka 1977 majaribio yameonyesha kwamba kauli iliyosikika mara kadhaa huonekana ya kweli kuliko iliyosikika mara moja, hata kama haina ukweli. Ubongo hupima urahisi wa kuielewa kauli na kuuchukulia kuwa ni dalili ya usahihi. Uvumi unaopita katika makundi kumi ya simu hauhitaji ushahidi wa ziada. Kule kupita mara kumi kunatosha kuufanya uonekane umethibitishwa.

Na sababu tunazozitoa baada ya kuamua? Mwaka 2005, nchini Uswidi, Petter Johansson, Lars Hall na wenzao waliwaonyesha watu picha mbili za sura, wakawataka wachague iliyowavutia. Kwa ufundi wa mkono, mara nyingine walimkabidhi mtu ile aliyoikataa na kumwuliza kwa nini ameichagua. Katika mara nyingi za mabadilishano hayo mtu hakugundua, bali alieleza sababu, wakati mwingine akitaja hereni au tabasamu vilivyoonekana kwenye picha hiyo tu. Hakuwa akidanganya. Palikuwa na pengo kati ya alichofanya na alichojua kuhusu alichofanya, na ubongo ulilijaza kama ulivyolijaza doa lililotoweka kwenye karatasi.

Shahidi wa kweli asikilizweje?

Nchini Marekani, vipimo vya vinasaba vimewaachia huru mamia ya watu waliohukumiwa kimakosa, na katika zaidi ya nusu ya kesi hizo shahidi mmoja au zaidi alikuwa amemtambua mtu asiye mhusika. Wengi wa mashahidi hao walisema mbele ya mahakama kwamba hawana shaka, na hawakuwa waongo. Uhakika wao ulikuwa umekua njiani, kwa kuulizwa tena na tena na kwa kuambiwa kwamba wamechagua vizuri.

Wapo wanaohitimisha kutoka hapo kwamba shahidi wa macho hafai kabisa. Hitimisho hilo nalo si sahihi. Uhakika anaoutamka shahidi mara ya kwanza kabisa, kabla hajachanganywa na maneno ya wengine, una thamani halisi. Ule anaoutamka mahakamani baada ya miezi mingi ndio wa kutiliwa shaka. Mwaka 2014 Chuo cha Taifa cha Sayansi cha Marekani kilitoa mapendekezo yanayofuata njia hiyo. Askari anayesimamia utambuzi wa mtuhumiwa asiwe anajua mtuhumiwa ni yupi, asije akamwashiria shahidi hata kwa kukunja uso. Shahidi aelezwe mapema kwamba mhusika huenda hayumo kabisa kati ya wanaoonyeshwa. Na maneno yake ya kwanza, pamoja na kiasi cha uhakika alichokuwa nacho wakati huo, yaandikwe kama yalivyotoka kinywani mwake, kabla mtu yeyote hajamwambia kama aliyemchagua ndiye.